Alama ya Kwenye Kola

Kama Kitinda angekuwa mvivu hata kidogo, siri yake ingelala salama. Lakini alilelewa kwa dobi, na mtoto wa dobi hawezi kurudisha nguo ikiwa na makunyanzi, hata kama nguo yenyewe ameiharibu kwa mikono yake. Ndiyo maana Jumatatu ile, saa nane mchana, wafanyakazi wote wametoka kwenda kula, alisimama mbele ya meza ya pasi akitazama nguo tano za mtoto mchanga, safi, zimenyooka, zimekunjwa vizuri, na hakuwa na pa kuuweka uso wake.

"Zitazame vizuri," alisema Nyoosha. "Usitazame ukuta. Ukuta haujafanya kitu."

Nyoosha ni jina alilopewa na wenzake, kwanza kwa sababu alikuwa mkuu wa chumba cha pasi, pili kwa sababu maneno yake hayakuwa na kona. Alikuwa mrefu, mpole, mikono yake ina alama ndogondogo za kuungua kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mikono hiyo ndiyo iliyompa Kitinda maradhi. Mwaka mzima alikuwa akishuka kutoka ofisini kuja kuulizia tai ambazo wenyewe walishazichukua, mpaka siku moja Nyoosha akamwambia, "Binti wa bosi, tai zimekwisha. Sasa niulizie mimi." Tangu hapo walikuwa wanapendana, miaka miwili kasoro, na nyumbani kwa kina Kitinda habari hiyo ilipokelewa kama msiba.

"Mpiga pasi?" mama yake aliuliza siku alipoambiwa. "Nikuzae, nikusomeshe, uolewe na mpiga pasi?"

"Baba naye alianza na pasi ya mkaa, mama."

"Baba yako alianza nayo. Huyu ataishia nayo."

Mzee mwenyewe hakutia neno. Alicheka tu, mwanya wake ukaonekana, akaendelea kusoma gazeti. Miezi minne iliyopita alifariki ghafla bila kuacha wosia. Aliacha matawi saba ya udobi, nyumba mbili, mjane, na watoto watatu waliojulikana. Arobaini haijatimia, akajitokeza wa nne. Alikuwa mwalimu wa chekechea, ana miaka ishirini na minne, na jina la utani alilokua nalo ni Mwanya. Na Mwanya huyo, jamani, alikuwa mdogo wake Nyoosha.

Usianze kushika kichwa. Nyoosha na Kitinda hawakuwa na damu moja. Baba yake Nyoosha alikufa yeye akiwa mtoto wa miaka mitatu, na mama yake ndipo alipokuja kuajiriwa kwa mzee, kwenye mabeseni, kufua. Yaliyotokea pale yakatokea, akazaliwa Mwanya, na mama huyo akafukuzwa kazi mtoto akiwa hajaanza hata kukaa. Nyoosha alipokuwa mkubwa, mzee alimtafuta mwenyewe akamwajiri, na hakuna aliyejua kwa nini. Kwa hiyo wapenzi hawa hawakuwa ndugu, ila walikuwa na ndugu mmoja katikati yao. Na Kitinda, ambaye jina lake lilitokana na kuwa kitinda mimba wa baba yake, alikuwa amelibeba maisha yake yote jina la mwenzake, maana wa mwisho hasa alikuwa Mwanya.

Kaka Mkubwa, mtoto wa kwanza wa mzee na msimamizi wa kila kitu sasa, alikataa katakata. Kina Nyoosha wakamtajia meno ya binti, yenye mwanya kama wa mzee, akasema meno si cheti cha kuzaliwa. Wakamwomba watoe damu ipimwe, akasema familia nzima imekataa. Kitinda alikuwa mmoja wa familia hiyo nzima, na hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujisemea.

Zikabaki nguo tano.

Kwa dobi kila mteja ana alama yake, uzi unaoshonwa ndani ya kola ili nguo za watu zisichanganyike. Huyu mshono mmoja wa kijani, yule mitatu ya bluu. Alama ya nyumba ya mzee ilikuwa mishono miwili myekundu na mmoja mweusi, na katika miaka arobaini ya kazi haikuwahi kupewa mteja yeyote. Nguo tano za Mwanya, alizovaa akiwa mchanga, zilikuwa na alama hiyo. Mzee alikuwa akizichukua mwenyewe kwa yule mama, anazitia kwenye kapu la nguo za wanawe, zinafuliwa pamoja, anazirudisha. Mama yake Nyoosha alizihifadhi miaka yote hiyo ndani ya sanduku la bati, zimefungwa kwenye kitambaa.

Wiki iliyopita Kitinda aliziomba. "Nipeni niwaonyeshe nyumbani," alisema. "Mama akiiona alama ya baba kwa macho yake, hatutafika kwa wakili. Tutayamaliza sisi kwa sisi." Nyoosha alisita. Mama yake hakusita. Alimwekea lile furushi mapajani akasema, "Chukua, mwanangu. Wewe si mtu baki."

Alhamisi Kitinda alilirudisha, akamwambia Nyoosha, "Wamekataa hata kulifungua."

Na leo furushi lilikuwa wazi juu ya meza ya pasi.

"Hazina alama," alisema Nyoosha.

"Labda uzi umeoza. Miaka ishirini na minne si mchezo."

Aliyasema hayo vizuri kabisa, bila kutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha baadaye.

"Uzi umeoza, nguo ikabaki nzima?" Nyoosha alichukua kijigauni kimoja cha manjano, akakigeuza kola. "Haya, tuseme umeoza. Nani kapiga pasi?"

Kitinda akarudisha macho ukutani.

"Mama alizifunga zikiwa na makunyanzi, zinanuka sanduku. Zimerudi zinanuka sabuni yetu. Unaniambia hawakulifungua furushi, halafu nguo zimefuliwa, zimetiwa wanga kidogo kwenye kola, zimekunjwa. Sasa tazama zilivyokunjwa."

Alitazama. Mungu wangu, alitazama. Nguo za wateja walizikunja mikono ikiwa nyuma. Nguo za nyumbani kwao, na hizo peke yake, mzee alifundisha zikunjwe mikono ikija mbele, moja juu ya nyingine, halafu kola inabanwa kwa vidole viwili isimame. Vijigauni vyote vitano vilikuwa vimekunja mikono kifuani. Hakukumbuka hata kuamua. Usiku ule aliziweka mezani, mikono yake ikafanya ilichozoea kuifanyia nguo ya ndugu.

"Katika jengo hili lote wanaojua mkunjo huu ni nyinyi watoto wake na mimi," alisema Nyoosha. "Kaka yako hajashika pasi tangu aote ndevu. Dada yenu yuko ng'ambo. Mimi sikuzikunja."

"Nyoosha."

"Mikono yako imemkubali Mwanya kabla ya mdomo wako. Nashindwa hata kukasirika vizuri."

Akavuta kiti akakaa, na pale alipokaa ndipo Kitinda alipoona kwamba alikuwa amelia kabla yeye hajafika. Macho yalikuwa mekundu na kope zimelowa bado. Hajawahi kumwona Nyoosha akilia. Alitamani amtukane, ampige hata kofi, ili wawe wamelingana kidogo.

"Nilizifumua mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo sana. "Kwa mkasi wa kukatia kucha."

"Kaka yako alikulazimisha?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na Nyoosha alikuwa ameufungua kwa makusudi. Angesema ndiyo, yangekwisha nusu. Kitinda hakuupita.

"Hakunilazimisha. Alisema tu tawi la karibu na stesheni litakuwa langu. Sikusema ndiyo. Lakini na hapana sikusema." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sikulifanya kwa ajili ya tawi. Nililifanya kwa ajili ya mama. Nilipomwonyesha alama alizitambua palepale. Ndivyo alivyojua tangu zamani zile, Nyoosha. Alikuwa anapanga nguo zetu, mimi niko mgongoni, akakuta kinguo ambacho mwanawe hajawahi kukivaa, na kina alama ya nyumba yake. Hakumuuliza baba. Alimfukuza mama yako asubuhi yake, na baba hakumuuliza kwa nini. Wakaishi hivyo. Akaniambia, mwanangu, nimekaa na hii miaka ishirini na minne, usiipeleke kwa wakili ikasomwe kwa sauti. Ungeona machozi yake."

"Mama yangu naye ana macho," alisema Nyoosha.

Basi. Mashine ya mvuke iliguna pembeni, ikatulia.

"Utawaambia?" aliuliza Kitinda.

"Nimwambie nani? Nikikutaja utakana, kaka yako atakana, nami nitakuwa mpiga pasi anayemsingizia binti wa tajiri. Sikutaji. Saa kumi tunakwenda kwa wakili na nguo zetu zisizo na kitu. Utajitaja mwenyewe au utanyamaza. Umeshanyamaza mara nyingi, si kazi ngeni."

"Bado unanipenda?"

Nyoosha alianza kuzirudisha zile nguo ndani ya kitambaa, moja moja, taratibu, bila kuzikunjua.

"Swali hilo usiniulize leo," alisema. "Jibu lake linaniudhi."

*

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya shule, na ngazi zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akikutana na mwenzake lazima mmoja ageuke ubavu. Kitinda alipanda nyuma ya kaka yake. Kwenye gari kaka yake alikuwa amempigapiga begani akamwambia, "Umefanya kiutu uzima, mtoto wa baba," na sehemu ile ya bega ilikuwa bado inamkera.

Wenzao walishafika. Nyoosha alikuwa dirishani, amewapa mgongo. Mama yake alikaa wima, mkoba magotini, viatu vimesuguliwa vikang'aa. Mwanya alipomwona Kitinda alitabasamu akasogea kwenye benchi.

"Wifi, njoo hapa, pana nafasi. Umeshindaje? Mbona umekonda?"

Hakuwa ameambiwa. Nyoosha hakumwambia hata mdogo wake. Kitinda akajibu "salama" akaenda kukaa upande wa pili, kati ya mama yake na kaka yake, na nafasi aliyotengewa ikabaki wazi.

Wakili alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni. Hakupenda maneno mengi. Alifungua furushi, akavaa miwani, akakagua kola moja baada ya nyingine, akaivua.

"Niliambiwa kuna alama," alisema.

"Ipo," alisema mama yake Nyoosha. "Ndani ya kola. Myekundu miwili na mweusi."

"Sioni uzi wowote, mama."

Mama yule aliinuka akaja mezani. Alichukua kile kijigauni cha manjano, akaingiza kidole kwenye kola, akakipitisha, akarudia. Akachukua kingine. Nyoosha aligeuka kutoka dirishani, hakumtazama mtu.

"Hizi ni nguo za mtoto," alisema Kaka Mkubwa kwa upole wa kuudhi. "Nyumba gani haina nguo za mtoto? Bibi, miaka ni mingi hiyo. Mtu akitamani kitu sana, macho nayo yanamsaidia kukiona."

"Uzi ulikuwepo," alisema mama yule. Aliketi pale pale mezani kwenye kiti ambacho si chake. "Nilikuwa nautazama kila mwaka siku yake ya kuzaliwa. Ulikuwepo." Kidole kilikuwa bado ndani ya kola. Halafu akamtazama mwanawe, na uso wake ukabadilika. "Au nimezeeka? Nyoosha, baba, wewe si uliuona? Nimeanza kuchanganyikiwa?"

Kitinda aliweza kuvumilia mengi. Alivumilia kaka, alivumilia benchi. Lakini kumwona mtu mzima anaitilia shaka akili yake mwenyewe mbele za watu, kwa sababu ya mkasi wa kukatia kucha, hilo lilimshinda. Akasimama.

"Hujazeeka, mama. Uzi ulikuwepo. Nimeufumua mimi."

"Kaa chini," alisema Kaka Mkubwa.

"Jumatano usiku, chumbani kwangu. Mama yangu alijua, na kaka alijua. Halafu nikazifua nikazipiga pasi." Alikuwa anamwambia wakili lakini anatazama sakafu. "Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokataa kutoa damu. Hakuna aliyeniuliza, ila nilikuwa miongoni mwao. Sasa nataka. Ichukuliwe, ipimwe na yake."

"Unaelewa kwamba naandika?" aliuliza wakili.

"Andika."

Kaka Mkubwa alimwita mpumbavu, akamwita msaliti, akamwambia amekwisha kwenye nyumba ile, na mengine ambayo hayana haja ya kurudiwa hapa. Hayo hayakumuuma sana. Kilichomuuma ni mama yake, ambaye hakusema kitu mpaka karatasi ilipoletwa kusainiwa. Hapo akamgeukia.

"Siku nilipokikuta kile kinguo ulikuwa mgongoni kwangu," alisema, "na leo tena."

Akajitanda mtandio wake, akatoka. Kitinda alisaini. Saini yake ilipinda, wakili akamwomba arudie chini yake.

*

Alitumaini, nadhani, kwamba akiisha kusema angejisikia mwepesi. Watu hudanganyana hivyo. Alipotoka nje ya mlango alikuta aibu inamngojea pale pale alipoiacha, haikupungua hata robo, ila sasa ilikuwa na mashahidi. Nyoosha alikuwa anamshusha mama yake ngazi, amemshika kiwiko. Alipita karibu yake kiasi cha Kitinda kusikia harufu ya wanga kwenye shati lake. Hakugeuza shingo. Yule mama ndiye aliyesimama, akamtazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaendelea kushuka. Haikuwa msamaha. Ilikuwa kama mtu anayethibitisha kwamba mzigo umefika.

"Ngoja."

Mwanya alikuwa nyuma yake. Alikuwa amekumbatia furushi kifuani na tabasamu la saa ile limekwisha kabisa. Kitinda akajiweka tayari kutukanwa. Alikuwa amestahili, na aliona heri atukanwe na huyu kuliko mwingine yeyote.

"Nyuzi zenyewe ziko wapi?" aliuliza Mwanya.

"Nilizitupa. Kwenye pipa la taka. Lilizolewa Ijumaa."

Mwanya akatikisa kichwa kidogo, kama mwalimu aliyepewa jibu alilolitarajia.

"Damu itatosha, wakili amesema," alisema. "Sina wasiwasi wa damu. Ninachokuuliza ni kingine. Mimi zile alama nilikuwa naziona nikiwa mdogo, kisha mama akalifunga sanduku, akasema tusiziguse zisije zikakatika. Sijawahi kuzitazama kwa karibu. Na mzee hakuwahi kuniandikia hata barua. Hakuwahi kunisemesha. Kwa hiyo wewe ndiye mtu wa mwisho aliyeziona." Akalikumbatia furushi zaidi. "Alishona mwenyewe, au alimpa mtu wa mashine?"

Maskini Kitinda. Alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Mwenyewe," alisema. "Kwa mkono. Mshono wa baba naujua, unalalia kushoto."

"Alikuwa na haraka?"

"Hapana." Machozi yalianza kumtoka na hakuyafuta. "Mtu mwenye haraka hafungi fundo mara mbili. Nguo za wateja hufungwa mara moja. Zetu pia alizifunga mara moja. Zako alizifunga mara mbili, kila uzi, nguo zote tano. Ilinichukua saa nzima kuzifumua. Mkasi ulikuwa hauingii."

Mwanya aliketi kwenye ngazi ya juu, furushi mapajani.

Chini, sauti ya Nyoosha ikasikika. "Mwanya, twende. Mama amechoka."

"Mtangulize kwenye kivuli, kaka," alijibu Mwanya bila kugeuka. Kisha akasogea ubavuni mwa ukuta, akaacha nafasi ya mtu mmoja kwenye ile ngazi nyembamba, na safari hii hakumwita wifi. "Dada hajamaliza kunisimulia."

Kitinda akakaa. Chini yao hatua za Nyoosha zilianza kuondoka, zikasimama mlangoni, na hazikuendelea.

"Anza na hiki cha manjano," alisema Mwanya.

"Hicho alikikosea," alisema Kitinda. "Alishona myekundu mitatu, akafumua mmoja."